Oili ya Injini: Tuchague kwa Namba, Si kwa Rangi ya Kopo

Mazungumzo yetu ya leo hayahusu mbegu wala mbolea. Yanahusu kile kinachoingia tumboni mwa mashine zenu, yaani oili ya injini.

Mkulima wa mboga upande huu wa Mwanza anamwagilia kwa pampu, anasagisha mahindi kwenye mashine ya dizeli, na nyanya zake zinakwenda sokoni kwa pikipiki. Injini ya pampu ikifa mwezi wa Agosti, mboga haziwezi kumsubiri fundi. Siku chache za jua kali, bustani imekwisha, na fedha ya ada ya watoto imekwenda nayo. Basi tusikilizane vizuri.

Chuma kikisuguana na chuma, kinalika. Oili hujitandaza katikati, vyuma vikateleza juu ya utando wake badala ya kugusana. Hapo pana kazi mbili: kupunguza msuguano na kuzuia kulika. Watu wengi hudhani ni kazi moja. Sivyo. Oili nyepesi hupita upesi, injini huzunguka bila taabu na petroli huokoka kidogo. Lakini utando wake ni mwembamba. Mzigo ukizidi na joto likipanda, unaweza kukatika. Oili nzito ina utando mnene, lakini injini huivuta kwa nguvu, na asubuhi huchelewa kufika sehemu za juu. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema oili fulani ni bora kuliko zote, muulize: bora kwa injini gani?

Sasa tusome kopo. Utaona herufi SAE na namba, kwa mfano 15W-40. Namba ya kwanza, yenye W, inaonyesha oili inavyotiririka wakati wa baridi. Ya pili inaonyesha uzito wake ikiwa na joto la nyuzi 100. Kopo jingine limeandikwa SAE 40 tu. Oili hizi mbili zikishapata moto, ziko daraja moja la uzito. Tofauti iko alfajiri unapowasha: ile ya 15W-40 hufika haraka zaidi kwenye beringi, na dakika hizo za kwanza ndizo zinazolisha injini hasara. Hapa Mwanza hatuna barafu, kwa hiyo SAE 40 si dhambi kama kitabu cha mashine kinairuhusu.

Tafuta pia herufi za API. Zikianza na C, oili hiyo ni ya dizeli. Zikianza na S, ni ya petroli. Daraja la CF-4 lilianza mwaka 1990, CI-4 mwaka 2002, na CK-4 mwaka 2016. Mwaka huohuo 2016 ikatoka FA-4, nyepesi zaidi, iliyokusudiwa malori mapya ili yale dizeli kidogo. Usiitie katika injini ya zamani ya kusagia kwa sababu tu ni mpya.

Pikipiki nayo ina jambo lake. Katika pikipiki nyingi klachi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Klachi inahitaji kushika, si kuteleza. Ukitia oili ya gari iliyotengenezwa iteleze mno, injini italia lakini mzigo wa nyanya hautapanda mlima. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA au MA2.

Huenda umeona sokoni muuzaji akiwa na kimashine kinachobana chuma juu ya gurudumu linalozunguka. Oili ya kwanza inalia, ya kwake inanyamaza, watu wanapiga makofi. Ndugu mkulima, usitoe fedha bado. Maabara nazo zina kipimo kinachofanana kidogo na hicho: mpira mmoja wa chuma huzungushwa juu ya mitatu iliyofungwa, kwa saa nzima, kisha kovu hupimwa. Lakini hata wataalamu hawaridhiki na kipimo hicho peke yake. Injini ina masizi, asidi na joto la siku nyingi, na kimashine cha sokoni hakipimi hata kimoja.

Rangi nayo isikudanganye. Oili ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa sababu inabeba masizi, na hiyo ndiyo kazi yake. Bali ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Zima mashine, mwite fundi.

Sasa hesabu. Pampu yenye injini ya Honda GX160 huchukua kama lita 0.6 tu, na oili yake ya kawaida ni 10W-30. Ikiwa mpya, oili humwagwa baada ya saa 20 za kwanza. Baadaye kila saa 100, au kila miezi 6. Ukimwagilia saa 5 kwa siku, saa 100 zinakwisha kwa siku 20. Siku 20, si msimu mzima! Oili ya kawaida yenye daraja sahihi, ikibadilishwa kwa wakati, huilinda injini kuliko oili ya ghali iliyoachwa miezi minne. Weka daftari, andika saa. Safisha chujio la hewa pia, maana vumbi likiingia husaga ringi na silinda kama msasa, na hakuna oili itakayolizuia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwisho, oili chafu. Usiirudishe katika injini nyingine, na usiimwage mtaroni. Mitaro yetu inaelekea ziwani, na maji ya ziwa hilo ndiyo yanayosafishwa Capri Point tukayanywa. Iweke katika dumu lenye kifuniko, uipeleke gereji wanakoikusanya.

Kabla ya kuwasha kesho, weka pampu mahali tambarare, chomoa kijiti, angalia kipimo. Ni kazi ya dakika moja. Kwaherini, na kazi njema.