Kiungo Bandia Hushikwa na Mfupa Hai

(Mada kwa wakazi wa Kata ya Dirma)

Mimi ni mtu wa habari, si tabibu. Nitakayoyasema hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari. Kusudi langu ni kwamba mkifika mbele yake mjue la kumweleza.

Kuwekewa nyonga au goti bandia ni safari ya kwenda hospitali kubwa, kama KCMC Moshi au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kwa familia nyingi, safari hiyo ni kuuza ng'ombe. Inauma basi kuona kiungo kilichopatikana kwa gharama hiyo kikilegea kwa sababu ambayo pengine kipimo cha damu kingeionyesha mapema.

Kiungo bandia ni chuma na plastiki ngumu, chenyewe hakiugui. Kinachougua ni mfupa unaokishika. Mfupa si jiwe. Mwili huubomoa ulio mkuukuu na kujenga mpya siku zote, na wasimamizi wa kazi hiyo ni homoni, yaani vichocheo vinavyotolewa na tezi. Tezi ya shingo ikizidisha kazi, ubomoaji huupita ujenzi. (Si kila rovu lina madhara hayo, kipimo ndicho huamua.) Mwanamke akikoma hedhi, homoni iliyokuwa ikiilinda mifupa yake hupungua. Hapo kiungo huweza kulegea, au mfupa ukavunjika kandokando ya chuma kwa kuanguka kidogo tu. Kisukari nacho huchelewesha jeraha kupona na kuwapa vijidudu mwanya wa kung'ang'ania juu ya chuma, mahali ambapo dawa huwafikia kwa shida.

Lipo jambo ambalo sitalipita haraka. Prednisoloni na deksamethasoni hununuliwa dukani bila cheti, kwa ajili ya maumivu ya viungo, na wengine huzimeza ili wanenepe. Dawa hizi hufanana na homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo. Maumivu hutulia upesi, nasi tukadhani tumepona. Zikitumiwa kwa miezi mingi huwadhoofisha wajenzi wa mfupa, hupandisha sukari na kupunguza kinga. Huweza hata kuua kichwa cha mfupa wa paja, na huo ni ugonjwa unaowapeleka baadhi ya watu kwenye nyonga bandia tangu mwanzo.

Hata hivyo, aliyezizoea asiziache ghafla. Tezi zake zimelala, na mwili huweza kuzimia, hasa wakati wa upasuaji. Aende kwa mganga na pakiti mkononi, apunguziwe kwa utaratibu. Aibu ya kusema "nilinunua dukani" ni ghali kuliko dawa yenyewe.

Msichanganye haya na meno ya kahawia tunayoyaona katika ukanda wetu wa Bonde la Ufa. Hayo hutokana na floraidi katika maji, wala si homoni. Lakini floraidi nyingi kwa miaka mingi huharibu mifupa pia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Daktari aelezwe maji unayokunywa.

Aliyekwisha kupasuliwa asiache dawa za sukari au za tezi kwa kuwa anatembea vizuri. Mwenye nyonga mpya asikalie kigoda cha kukamulia mpaka aruhusiwe, maana kikao cha chini huweza kuichomoa. Paja likianza kuuma kila unapoinuka, mguu ukionekana kufupika, kidonda kikitoa majimaji, au homa ikija na kiungo kikavimba na kuwa na joto, usisubiri siku ya mnada. Anzia zahanati, uombe rufaa. Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, iko kwa majirani zetu wa Mbulu. Beba cheti cha upasuaji.

Sasa nakaribisha maswali. Yale ya kitabibu nitamwachia Mganga Mfawidhi.