KELELE ZA INJINI ASUBUHI, NA TAA NYEKUNDU YA OILI



Leo napenda kuzungumza nanyi habari za jambo ambalo madereva na wenye malori wa upande wa Timau walijua sana, nalo ni kelele za injini wakati wa asubuhi, pamoja na upungufu wa msukumo wa oili, yaani presha. Labda wengine watasema kwamba haya ni maneno ya mafundi. Lakini lori likifa njiani, si dereva peke yake apataye hasara. Mkulima ambaye viazi vyake vimekwisha tiwa katika magunia hupata hasara. Mama angojaye viazi hivyo sokoni hupata hasara. Na mwenye lori, ambaye pengine amelinunua kwa fedha za mkopo, hupata hasara kuliko wote.

Kwanza na tupatazame mahali penyewe. Timau iko upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, katika barabara itokayo Nanyuki kwenda Meru, nayo imeinuka zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Ingawa mstari wa Ikweta wapita karibu, pale Nanyuki, mtu alalaye Timau hana haja ya kufundishwa baridi ni nini. Lori lililolala nje usiku kucha huwa chuma chake chote kimepoa, na oili yake imekuwa nzito kama asali. Tena hewa ya mahali pa juu ni nyepesi. Kila mara pistoni ivutapo hewa, hupata takriban asilimia 80 tu ya hewa ambayo ingepata kule Mombasa.

Basi hapo ndipo asubuhi ya baridi humdanganya dereva, tena humdanganya mara mbili. Humtisha kwa kelele isiyo na madhara, kisha humtuliza kwa presha isiyo ya kweli.

Na tuanze na ile kelele isiyo na madhara. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hukandamizwa kwa nguvu mpaka inapata moto wa kutosha kuiwasha dizeli. Hayo ndiyo aliyoyafanya Mjerumani aitwaye Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Sasa, hewa ikiwa nyepesi na chuma kikiwa baridi, dizeli huchelewa kuwaka, kisha huwaka nyingi kwa ghafula. Hapo injini hugonga kwa ukali na kutoa moshi mweupe. Kelele hiyo ikipungua kadiri injini inavyopata moto, si ugonjwa.

Iko na kelele ya pili, nyepesi, itokayo juu ya injini, kama saa kubwa ya ukutani. Hiyo ni ya tapeti na valvu ambazo oili haijazifikia bado. Ikinyamaza baada ya nukta chache, msiwe na wasiwasi. Lakini ikiendelea kwa muda mrefu, yafaa kuuliza kwa nini oili inachelewa. Labda ni nzito mno, au labda chujio lililowekwa haliwezi kuizuia isirudi chini usiku.

Kelele ya tatu ndiyo ya kuogopwa. Hii ni nzito, hutoka chini, kama mtu apigaye gogo kwa nyundo, nayo huzidi lori linapopanda mlima na mzigo. Aghalabu haipungui injini inapopata moto, bali huzidi. Hiyo ni sauti ya beringi za konrodi au za krenki, ule mhimili mkubwa ambao pistoni zote huuzungusha.

Ili tufahamu sababu yake, nitawapa kisa kifupi. Yapata mwaka 1883, huko Uingereza, mhandisi mmoja jina lake Beauchamp Tower alikuwa akijaribu beringi za magurudumu ya magari ya moshi. Alitoboa tundu juu ya beringi, akaona oili inapanda na kutoka. Akaliziba tundu kwa kizibo, na kizibo kikasukumwa nje. Alipoweka geji akaona kwamba mhimili ule, kwa kuzunguka kwake, unaisukuma oili kwa nguvu kubwa ya ajabu. Mwaka 1886 mtaalamu Osborne Reynolds akaeleza kwa hesabu maana ya jambo hilo: mhimili hauzungukii chuma, bali huelea juu ya utando mwembamba wa oili, kama mtumbwi ueleavyo majini. Kazi ya pampu ya oili ni kuleta oili mpya daima, ili utando huo usikatike. Ukikatika, chuma hula chuma.

Na huu ndio udanganyifu wa pili wa asubuhi. Oili iliyo baridi ni nzito, kwa hiyo haipiti upesi katika nafasi za beringi zilizolika, na geji huonyesha presha nzuri. Dereva hufurahi, akapakia magunia na kuondoka. Lakini injini ikipata moto, oili huwa nyepesi na kupita kama maji katika wavu. Lori likisimama Nanyuki na injini ikiunguruma pole pole, sindano ya geji huanguka karibu na sifuri. Kwa hiyo presha ya asubuhi haitoshi kuwa ushahidi. Ipimeni injini ikiwa baridi, mkaipime tena ikiwa na moto.

Sasa nitaeleza utaratibu wa kuchunguza, kuanzia jambo lisilo na gharama.

Kwanza: taa nyekundu ya oili yapasa kuzimika kabla hujahesabu hata kumi tangu injini kuwaka. Isipozimika, au ikiwaka njiani, zima injini mara moja. Usiseme, "Nitajikokota mpaka kwa fundi." Mwendo wa dakika chache bila oili waweza kuiharibu krenki ambayo ingedumu miaka mingi.

Pili: lori likiwa mahali pa sawa, chomoa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa imepungua, ongeza, kisha tafuta inakovujia. Lakini ikiwa imezidi nawe hukuongeza, usidhani ni baraka. Inuse. Ikinuka dizeli, basi dizeli inavuja kuingia katika oili na kuifanya nyepesi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imeingiwa na maji. Katika hali hizo mbili, usiwashe injini tena mpaka fundi aitazame.

Tatu: uliza ni oili gani iliyotiwa. Juu ya mkebe huandikwa nambari, kama 15W-40. Nambari iliyo mbele ya W huonyesha tabia ya oili katika baridi, nayo ikiwa ndogo, oili hutiririka kwa urahisi zaidi asubuhi. Nambari ya mwisho huonyesha uzito wake ikiwa na moto. Wako watu ambao, injini ikianza kugonga, hutia oili nzito sana ili kuinyamazisha. Huko ni kumfunga mgonjwa kinywa ili asilie. Tena kwa baridi ya Timau, oili hiyo huchelewa kufika juu, na kila asubuhi injini hulika zaidi. Fuateni kitabu cha watengenezaji wa lori.

Nne: kabla ya kufungua injini, mwambie fundi apime. Na aondoe swichi ya oili, afunge mahali pake geji ya mkono, asome presha injini ikiwa baridi, tena ikiwa na moto. Kwa injini nyingi, kadirio la mafundi ni pauni 10 kwa inchi mraba kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika, ikiwa na moto. Lakini neno la mwisho ni la kitabu. Geji ikionyesha presha nzuri, basi mgonjwa ni swichi, nayo ni kitu cha bei ndogo. Watu wengine wamefunguliwa injini nzima kwa sababu ya swichi!

Tano: presha ikiwa ndogo kweli, na afuate mpango. Atazame valvu ya kupunguza presha, isiwe imekwama wazi. Afungue sampu, atazame kama chujio la chini limezibwa na matope ya oili chakavu. Apime pampu. Alikate chujio la oili na kutazama karatasi yake. Akikuta vipande vya chuma vinavyong'aa, beringi zimekwisha anza kuliwa. Ndipo azifungue beringi.

Kuhusu kusikiliza, bisibisi ndefu yatosha: ncha moja juu ya injini, na mpini sikioni, kwa kujihadhari na feni. Zamani fundi alilegeza bomba la nozeli moja moja ili ajue ni silinda ipi inayogonga. Katika injini nyingi za siku hizi dizeli hupita kwa presha kubwa mno, hata yaweza kutoboa ngozi ya mtu. Asithubutu kufanya hivyo.

Mwisho, dereva na taniboi wake wajizoeze desturi hii: kijiti kwanza, ufunguo baadaye. Injini ikiwaka, usikanyage mafuta. Ngoja taa izimike na presha isimame, kisha ondoka taratibu, bila kuilazimisha injini mpaka ipate moto.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Beringi zikibadilishwa mapema, krenki hupona, na lori hurudi kazini. Zikiachwa, mtu hununua injini nyingine, na viazi huoza kando ya barabara. Basi kesho asubuhi, kabla jua halijatoka, sikilizeni, lakini msihukumu bado. Ngojeni injini ipate moto, kisha mwisikilize tena.