Kutoka Daftari la Chama hadi Blokicheni: Njia ya Kujifunza kwa Wafanyabiashara wa Eastlands

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Umoja, Kayole na Komarock, biashara ndogo huendeshwa kwa madaftari mawili: lile la duka, ambamo mwenye duka huandika madeni ya wateja wake, na lile la chama, yaani kikundi cha kuweka akiba, ambamo mweka hazina huandika michango, mikopo na faini za wanachama. Makala hii inajenga hoja kwamba mafunzo ya blokicheni yanayowafaa watu wa mitaa hiyo yaanzie kwenye madaftari hayo, wala si kwenye kupanda na kushuka kwa bei za sarafu za kidijitali, kwa kuwa teknolojia hii kwa asili yake ni namna ya kutunza kumbukumbu, na sarafu ni tunda lake mojawapo tu.

Blokicheni, yaani mnyororo wa vitalu, ni daftari la kidijitali lenye nakala nyingi zinazotunzwa na kompyuta mbalimbali, pasipo nakala yoyote kuhesabiwa kuwa ndiyo kuu. Miamala hukusanywa katika kitalu, na kila kitalu hupigwa alama inayotokana na hesabu ya maandishi yote yaliyomo, pamoja na alama ya kitalu kilichotangulia. Hesabu inayotumiwa na sarafu ya kidijitali ya Bitcoin, iitwayo SHA-256, huandikwa kwa kawaida kama alama ya tarakimu na herufi 64, na tarakimu moja ikiguswa katika maandishi ya awali, alama nzima hugeuka. Ni kana kwamba kila mwanachama wa chama angerudi nyumbani na nakala yake ya daftari, na kila ukurasa mpya ungeanza kwa kunakili jumla ya ukurasa uliopita: anayetaka kupunguza mchango wa Machi wakati chama kimekwisha kufika Novemba atalazimika kuandika upya kurasa zote za tangu Machi, kisha awashawishi wenye nakala walio wengi wazikubali. Haki ya kuongeza kitalu hutolewa kwa njia tofauti; katika Bitcoin, iliyoanza Januari 2009 chini ya jina la Satoshi Nakamoto, kompyuta hushindana kwa hesabu zinazokula umeme mwingi, ilhali blokicheni ya Ethereum, iliyoanza mwaka 2015, imekuwa ikitumia dhamana zilizowekwa na washiriki tangu Septemba 2022. Ethereum ndiyo pia iliyoeneza mikataba jiendeshi, yaani programu zinazotekeleza masharti zenyewe, kwa mfano kumlipa mwanachama mwenye zamu ya kupokea mara tu michango ya wote inapotimia.

Kisa kinachostahili kufundishwa kabla ya vingine ni cha Sarafu, fedha ya kijamii iliyosimamiwa na shirika la Grassroots Economics. Mizizi yake iko katika Bangla-Pesa, vocha za karatasi zilizozinduliwa mwaka 2013 katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa, ambazo mwanzoni ziliwafikisha baadhi ya wahusika mahakamani kabla ya mashtaka kufutwa. Mtindo huo ulienea hadi mitaa ya Nairobi, kisha kuanzia mwaka 2018 vocha zikahamishiwa kwenye blokicheni, huku watumiaji wakifanya miamala kwa simu za kawaida zisizo na intaneti. Wakati wa janga la korona mwaka 2020, kwa ushirikiano na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, Sarafu ilienea katika mitaa ya Mukuru, inayopakana na eneo la viwanda la Nairobi. Shilingi zilikuwa zimeadimika kwa sababu vibarua vilikoma, ingawa muuza mboga, fundi cherehani na mchota maji walikuwa bado na bidhaa na nguvu za kubadilishana. Hapo ndipo thamani ya kisa hiki ilipo, kwani kilichokosekana hakikuwa kazi wala mahitaji, bali chombo cha kuhesabiana.

Kumbukumbu za miamala hiyo za kuanzia Januari 2020 hadi Juni 2021, zinazohusu akaunti zipatazo 40,000, zilichapishwa bila majina ili watafiti wazichambue. Uchambuzi ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya Sarafu ilizunguka ndani ya maeneo yale yale, na kwamba akaunti za vikundi vya kuweka akiba zilikuwa miongoni mwa vitovu vya mzunguko. Matokeo hayo yana uzito kwa Eastlands: teknolojia mpya haikukiondoa chama, bali ilikipitia.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2018, ambapo IBM na kampuni ya Twiga Foods zilifanya jaribio la kuwakopesha wauzaji wadogo wa vyakula 220 kwa kutumia rekodi za manunuzi yao, huku blokicheni ikisimamia hatua za mkopo. Mwanafunzi makini atauliza kama kazi hiyo isingeweza kufanywa na hifadhidata ya kawaida, na swali hilo ni la haki. Daftari likiwa na mwenyewe mmoja anayeaminiwa na wote, blokicheni ni gharama isiyo na lazima. Faida yake huonekana pale wanapoandikiana watu wengi ambao hakuna kati yao anayekubali mwenzake awe mlinzi pekee wa kumbukumbu.

Ardhi huonyesha mpaka mwingine wa teknolojia hii. Kuuziwa kiwanja kilichokwisha kuuzwa kwa mwingine ni maumivu yanayojulikana sana upande wa Ruai na Kayole, na wapo wanaotangaza kwamba blokicheni itayamaliza. Ukweli ni kwamba mnyororo hulinda kilichoandikwa, lakini hauendi shambani kuhakikisha mipaka. Hati ya uongo ikiingizwa siku ya kwanza, italindwa kwa uthabiti ule ule unaoilinda hati ya kweli.

Mafunzo yenyewe yanaweza kuanza kwa karatasi na kalamu, washiriki kumi wakiandika vitalu na kukagua nakala za wenzao, kabla ya kugusa simu. Somo lisilofaa kuharakishwa ni la ufunguo wa siri, yaani tarakimu zinazompa mtu mamlaka juu ya mali yake kwenye mnyororo. Aliyesahau nambari ya siri ya M-Pesa huenda na kitambulisho akasaidiwa, bali aliyepoteza ufunguo alioutunza mwenyewe kwenye mnyororo wa umma hana ofisi ya kwenda. Kwa fedha za kikundi, kinga ipo katika akaunti ya funguo nyingi, ambayo haitoi chochote mpaka, kwa mfano, funguo mbili kati ya tatu zitumike. Wanachama hawatauona utaratibu huo kuwa mgeni, kwa kuwa benki nyingi huvitaka vyama viwe na sahihi za zaidi ya ofisa mmoja kabla ya kutoa pesa.