Kukubaliana si Kunyamaza



Kila kazi ya pamoja, iwe shamba la kijiji, ujenzi wa darasa au uchimbaji wa kisima, huzaa hitilafu za mawazo. Hitilafu hizo si dalili ya kushindwa. La kuogopwa ni mkutano unaomalizika kwa makofi, kisha asubuhi watu hawaonekani kazini. Hapo uamuzi umepitishwa, lakini haukukubaliwa.

Wilaya ya Bagamoyo inayo mafunzo yake katika jambo hili. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilishirikiana na watafiti wa Ufini, miongoni mwao Bibi Marja-Liisa Swantz, katika mradi ulioitwa Jipemoyo. Shabaha yake ilikuwa wanavijiji wasiwe watu wa kuulizwa maswali tu, bali washiriki wenyewe kuyachambua matatizo yao na kuyatafutia njia. Upande wa magharibi wa wilaya, wakulima wa Kikwere waliishi jirani na wafugaji wa Kiparakuyo. Jirani hao wanapogombea ardhi na maji, kila upande una haja ya kweli. Wakulima wakiwa wengi wanaweza kushinda kwa kura leo. Lakini kesho ng'ombe watakuwa na kiu vilevile, na ugomvi utarudi shambani.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Mwalimu Nyerere naye aliusifu utaratibu wa wazee kuketi chini ya mti na kuzungumza hata wakubaliane. Utaratibu huo ni mwema, ila una upungufu wake: mara nyingi mwanamke, kijana na mgeni hawakuwa na sauti chini ya mti ule. Kimya chao kilihesabiwa kuwa ni ridhaa.

Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikuliacha jambo hili kwa hisani ya wakubwa. Halmashauri ya Kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi kabla ya kupata idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Aidha, sheria iliweka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe 7, 3 kati yao wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha.

Mtumishi na mwalimu, ambao mara nyingi ndio hushika kalamu mkutanoni, wana wajibu mkubwa hapa. Ajenda itangazwe mapema, ili mwenye hoja ajiandae. Kila upande usikilizwe mpaka uridhike kwamba haja yake imeeleweka. Muhtasari uandike hoja za walioshindwa pamoja na za walioshinda, jina la mwenye kutekeleza kila azimio, na siku ya kulitazama upya. Aliyeshindwa akijua kwamba hoja yake imehifadhiwa na itasikilizwa tena, hana sababu ya kuihujumu kazi.

Afisa anayefika kijijini na uamuzi mfukoni hatafuti ushauri; anatafuta mashahidi. Mashahidi hawajengi darasa. Wanaolijenga ni wale walioamua lijengwe.