Treni Isimamayo Miasenyi

Leo tumfuate mama mmoja wa hapa Buxton. Bintiye amejifungua, naye ampelekea kikapu cha nazi, beseni na kanga mbili mpya. Safari yenyewe fupi, Miasenyi tu, kabla hujafika Voi.

Zamani angalipandia stesheni ya mjini, si mbali na kwake. Tangu mwaka 2017 abiria huondokea Miritini, kwa hiyo kwanza ni matatu, na mzigo magotini. Huko Miritini mna treni za namna mbili: ya kasi iendayo Nairobi, na ile ya saa mbili asubuhi, isimamayo Mariakani, Miasenyi, Voi na vituo vya mbele.

Kijana aliyeombwa kumkatia tikiti kwa simu akamshauri ya kasi. "Mama, hiyo ndiyo nzuri." Mama akamwuliza neno moja tu: "Miasenyi yasimama?" Kijana akanyamaza. Ingempita bintiye kama upepo!

Nami hapo nilimkumbuka Bartimayo, kipofu wa Yeriko. Umati ulikuwa na haraka, Bwana akasimama.

Basi mama aliamka alfajiri, kwa kuwa Miritini mizigo hupangwa chini ikanuswa na mbwa, na foleni haina huruma. Kitambulisho alikifunga penye pindo la leso. Miasenyi alishuka polepole, kikapu kwanza, kisha beseni. Mkwewe alikuwa pale akingoja, na baiskeli.