Mnara wa Siloamu na Lori la Msamvu



Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 13, Bwana wetu anataja mnara wa Siloamu, ulioanguka ukawaua watu 18. Somo hilo husomwa Dominika ya Tatu ya Kwaresima, mwaka C, na mara nyingi tunalipita upesi ili tuufikie mtini usiozaa. Leo tukae kidogo chini ya mnara. Bwana aliyajua yaliyokuwa yakinong'onwa mioyoni mwa watu: kwamba wale waliofunikwa na mawe walikuwa wadhambi kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Alilikataa wazo hilo waziwazi, kisha akawageukia waliokuwa wakimsikiliza, akawataka wao watubu.

Jumamosi tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, lori la mafuta lilipinduka katika eneo la Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikusanyika, wengi wakichota petroli iliyomwagika, wengine wakiwa wapita njia tu. Moto ukalipuka. Waliokufa siku ile walikuwa makumi. Waliojeruhiwa wakapelekwa hospitali ya mkoa, na wengine Muhimbili, Dar es Salaam. Siku baada ya siku idadi ya marehemu ikapanda hadi kuvuka 100. Haikuwa mara ya kwanza katika ukanda wetu. Huko Sachangwan, Kenya, tarehe 31 Januari 2009, walikufa zaidi ya 100. Na katika mji wa Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010, zaidi ya 200.

Je, tulisema nini siku zile? Tuliyasikia maneno ndani ya daladala, sokoni, na hata nje ya kanisa baada ya Misa: tamaa imewaponza, walifuata nini pale? Ni maneno yale yale ya Siloamu. Nasi, tukiri, wengi wetu tulinyamaza. Ni kweli kwamba kuchota petroli ni hatari kubwa, na yatupasa kuwafundisha vijana wetu kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mbali na lori lenyewe, na cheche moja tu ya pikipiki yatosha kuuwasha. Lakini kufundisha ni jambo moja, na kumhukumu mtu aliyelala kitandani bila ngozi ni jambo jingine kabisa.

Wapendwa, tumjue basi huyo aliyelala pale. Ngozi ndiyo ukuta wa mwili. Huzuia maji yasitoke na vijidudu visiingie. Ukuta huo ukiungua, maji ya damu huvuja kutoka mishipani, mwili huvimba, na mgonjwa aweza kufa kwa kuishiwa maji. Waganga hupima kwanza ukubwa wa eneo lililoungua. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Kwa kanuni ambayo madaktari wengi huanzia nayo, mtu mwenye kilo 60 aliyeungua asilimia 30 aweza kuhitaji maji ya mshipani yapatayo lita 7 katika saa 24 za mwanzo, na nusu yake ndani ya saa 8. Saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua, wala si tangu alipofika hospitali. Tazameni, basi, maana ya gari lililokosekana kijijini usiku.

Tena jambo hili huwadanganya ndugu wengi: mgonjwa aliyeungua vibaya mara nyingi huongea vizuri siku ya kwanza. Huuliza habari za watoto, huomba maji, na pale palipoungua sana hasikii hata maumivu, kwa kuwa mishipa ya fahamu imekufa pamoja na ngozi. Jamaa hurudi nyumbani wakimshukuru Mungu. Baada ya siku kadhaa vidonda hushikwa na vijidudu, sumu huenea katika damu, au mapafu yaliyovuta moshi hushindwa, na simu hupigwa alfajiri. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moto na vimiminika vya moto huua watu wapatao 180,000 kila mwaka, walio wengi katika nchi kama zetu. Kijana aliyeungua nusu ya mwili, akiwa katika nchi yenye hospitali maalumu za kazi hiyo, kwa kawaida hupona. Kwetu wengi wa namna hiyo huzikwa.

Hapo mwalimu wa dini mmoja alituuliza swali ambalo hatukulitarajia. Akasema: Msamaria Mwema alimimina mafuta na divai juu ya majeraha, mbona manesi wanatukataza kumpaka mafuta mtu aliyeungua? Swali zuri. Yule mtu wa njia ya Yeriko alijeruhiwa na wanyang'anyi, hakuungua. Na Msamaria alitumia dawa ya siku zake. Aliyeungua leo dawa yake ya kwanza ni maji: maji safi ya baridi ya kawaida, yasiyo ya barafu, yatiririke juu ya kidonda kwa dakika 20. Hata kama saa moja au mbili zimepita, bado yanafaa. Mvueni pete na bangili kabla hajavimba, mfunikeni kidonda kwa kitambaa safi, sehemu nyingine ya mwili ipate blanketi, kisha safari. Samli, unga, mayai na dawa ya meno viacheni jikoni.

Tukirudi kwa Msamaria, mafuta na divai vimechukua mstari mmoja tu wa habari yake. Alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akamuuguza usiku ule, akatoa dinari mbili, na akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Ahadi hiyo ya kurudi ndiyo inayotushinda.

Tunasema hivi kwa aibu. Katika jumuiya yetu ndogo ndogo mama mmoja aliungua kifua na shingo, jiko la mafuta ya taa lilipolipuka kwa sababu mafuta yalikuwa yamechanganywa na petroli. Wiki ya kwanza tulichanga vizuri, na wodini hapakuwa na nafasi ya kusimama. Wiki ya tatu walikwenda watu wawili. Wiki ya sita daftari la zamu halikuwa na jina hata moja. Laiti angalikufa, Mungu atusamehe, tungalichanga tena, kwa kuwa kwa msiba sisi ni wepesi: turubai, jeneza na chakula hupatikana kwa siku moja. Alikuwa hai, naye alihitaji mayai, maharage, dagaa na maziwa kila siku, maana mwili unaojenga ngozi upya hula kupita kiasi, na chakula cha wodi hakikutosha. Alihitaji mtu wa kumshika mkono siku ya kubadilishiwa bandeji, maumivu ambayo yeye mwenyewe aliyaona makali kuliko ya siku ya moto. Alipandikizwa ngozi iliyotolewa pajani, ikashika.

Alipotoka alifundishwa kunyoosha shingo mara nyingi kila siku, kwa miezi, kwa kuwa kovu hujikunja linapokomaa. Lakini aliishi peke yake na watoto wadogo, na nauli ya kliniki haikuwapo. Kovu likavuta kidevu hadi karibu na kifua. Kidonda kilikuwa kimepona, na kichwa hakiinuki. Akaanza kuketi kwenye benchi la mwisho kanisani, karibu na mlango, akitoka kabla ya baraka.

Mwingine tunayemkwepa ni mwenye kifafa. Injili ya Marko, sura ya 9, inamtaja mtoto ambaye mara nyingi alianguka motoni na majini, na manesi wetu wanamjua mtoto huyo kwa majina mengi. Wapo wanaoogopa kumvuta kutoka motoni wakidhani povu lake litawaambukiza. La hasha, kifafa hakiambukizi. Mvuteni. Na dawa zake zipo. Akizimeza kila siku bila kukatiza, wengi hawaanguki tena.

Yule mama hatimaye alisema neno katika jumuiya. Hakuomba fedha. Aliomba mtu wa kufuatana naye hospitali siku ya Jumanne, kwa kuwa ndani ya daladala watu humhama kiti. Katekista alikwenda naye. Daktari wa upasuaji amesema kovu laweza kukatwa, ngozi nyingine ikapandikizwa, na shingo ikainuka, mradi safari hii mazoezi yasiachwe. Atalazwa mwezi ujao. Daftari la zamu limefunguliwa upya. Majina yaliyomo yanafika wiki ya tisa, na kurasa za wiki ya kumi hadi ya ishirini na nne ziko kwa katibu wa jumuiya, bado nyeupe.