Sahihi ya Mhasibu: Maadili Yafundishwe kwa Vocha



Mwaka 1992, karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya, David Munyakei, aliona mamilioni yakilipwa kampuni ya Goldenberg, eti kwa kuuza nje dhahabu na almasi. Karatasi za malipo hayo akawafikishia wabunge. Alikamatwa, akashtakiwa, kesi ikaondolewa, lakini kazi hakurudishiwa. Alifariki mwaka 2006 akiwa maskini.

Malipo yale hayakujiidhinisha yenyewe. Kila hati ilipita mikononi mwa watu waliojua hesabu vizuri. Basi elimu ya hesabu peke yake haikutosha, na sisi walimu tujiulize tunafundisha nini zaidi ya hesabu.

Tunafundisha kanuni tano za taaluma: uadilifu, kutopendelea, umahiri na uangalifu, kutunza siri, na mwenendo unaostahili. Mwanafunzi anazikariri usiku, asubuhi anazimwaga kwenye karatasi ya mtihani, mchana amezisahau. Mimi nashauri tuanze na vocha ya malipo.

Tuseme ni msimu wa ukame. Mwenye lori anadai malipo ya safari kumi za maji, na daftari la kamati ya kijiji linaonyesha sita. Bosi anasema, “Weka sahihi, tutarekebisha baadaye.” Mwanafunzi aandike jibu lake: atamwandikia nani, kwa maneno gani, na nakala ya karatasi ipi ataihifadhi? Hapo ndipo sheria inapopata maana. Ibara ya 226(5) ya Katiba ya Kenya inamtaka ofisa aliyeidhinisha fedha za umma kinyume cha sheria alipe hasara hiyo mwenyewe, hata kama ameshaondoka ofisini. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamtaka mwenye madaraka aripoti hongo anayoijua au kuishuku ndani ya saa 24. Mwanafunzi aliyezoea kuzitumia sheria hizi darasani atakuwa na la kumjibu bosi.

Bosi si shinikizo pekee. Hapa Turkana, ndugu aliyekupa mbuzi ukame ulipokumaliza ana haki ya kukuomba ukishapata mshahara. Desturi hiyo ni ya heshima na imeokoa maisha, mhadhiri asiidharau. Afundishe mpaka wake: mshahara wako ni wako kumgawia ndugu, fungu la umma halina shemeji wala binamu. Vivyo hivyo kule kambi ya Kakuma, ambako mpango wa Bamba Chakula ulioanza mwaka 2015 uliwapa wakimbizi fedha za chakula kwa simu: jina hewa likiingizwa kwenye orodha, chakula cha mwingine kimeliwa.

Naomba mambo mawili. Chuo kisifungie maadili katika somo moja la muhula mmoja. Yaingie katika ukaguzi, kodi na hesabu za serikali. Na wahasibu mlio kazini, hapa Lodwar na kule Kakuma, tuleteeni vocha zenu ngumu, majina yakiwa yamefutwa, tuzifanyie kazi darasani.

Nanyi wanafunzi: msiweke sahihi chini ya tarakimu msiyoweza kuieleza mbele ya mkaguzi na mbele ya kijiji.